Kitabu cha Glanvill na mwenendo wa mashauri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa sheria, walimu wa historia, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama akajiuliza kwa nini shauri halisogei mpaka karatasi imfikie mdaiwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi ndani yake.

Kitabu cha Glanvill ni kitabu gani?

Ni mwongozo mfupi wa mwenendo wa mashauri katika mahakama ya mfalme wa Uingereza, ulioandikwa kwa Kilatini mwishoni mwa utawala wa Henry II. Jina lake ni *Tractatus de legibus et consuetudinibus regni Anglie*, yaani risala juu ya sheria na mila za ufalme wa Uingereza. Umegawanywa katika vitabu vidogo 14, na kila kimoja kina sura fupi fupi.

Jina linaahidi sheria zote za nchi. Ndani, mwandishi anafuata nyayo za shauri moja baada ya jingine: hati inatoka, mdaiwa anaitwa, anatuma udhuru, hatimaye anafika, anajibu, njia ya kuthibitisha inachaguliwa, hukumu inatolewa. Kabla yake palikuwa na mikusanyo ya sheria, kama ule uitwao *Leges Henrici Primi* wa mwanzoni mwa karne ya 12, lakini iliyarundika makatazo na faini bila kumwonyesha msomaji aanzie wapi. Glanvill anamwonyesha.

Kiliandikwa lini, na tarehe hiyo imejulikanaje?

Kati ya mwishoni mwa 1187 na 1189. Kitabu cha 8 kinaeleza jinsi wadaawa wanavyopatana mbele ya majaji, na kinatoa mfano wa mapatano yaliyofanyika Westminster, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Andrea, mwaka wa 33 wa utawala wa Henry II. Henry alitawazwa tarehe 19 Desemba 1154, kwa hiyo siku hiyo ni 29 Novemba 1187. Kitabu kinamtaja mfalme huyo kama mtu aliye hai, naye alifariki tarehe 6 Julai 1189.

Je, Ranulf de Glanvill ndiye aliyekiandika?

Hakuna uthibitisho, na wanahistoria wengi wa leo wana mashaka. Kichwa cha maneno katika nakala za kale kinasema tu kwamba kitabu kilitungwa wakati Ranulf de Glanvill alipokuwa ameshika usukani wa haki. Maneno hayo yanataja zama. Hayamtaji mtunzi.

Ranulf mwenyewe alikuwa mtu mzito. Mwaka 1174 aliongoza kikosi kilichomteka William, mfalme wa Waskoti, huko Alnwick. Tangu 1180 alikuwa msaidizi mkuu wa mfalme katika utoaji haki, na mfalme akiwa ng'ambo, ufalme ulikuwa mikononi mwake. Alifia Acre mwaka 1190 katika vita vya msalaba. Mtu mwenye shughuli kiasi hicho angeweza kuagiza kitabu, lakini kukaa chini na kukiandika ni jambo jingine. Wanaotajwa badala yake ni Hubert Walter, aliyelelewa nyumbani kwake na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Canterbury, na Geoffrey fitz Peter. Yupo pia yule asiye na jina: karani wa mahakama aliyekuwa akiziandika hati hizo kila siku. Kwa maoni yetu karani ndiye anayeelekea zaidi, kwa sababu kitabu kinajua hasa mambo ambayo karani huyajua: hati ipi inafuata ipi, na ni siku ngapi zipite katikati.

Mwanafunzi asiandike "Glanvill alisema". Aandike "kitabu cha Glanvill kinasema".

Kwa nini mwongozo kama huu ulihitajika wakati huo hasa?

Kwa sababu mahakama ya mfalme ilikuwa imepanuka haraka kuliko watu walivyoweza kuielewa. Kati ya 1135 na 1154, chini ya mfalme Stephen, Uingereza ilipigana yenyewe kwa yenyewe, na mashamba mengi yalibadilika mikono kwa nguvu. Henry II alirithi nchi ambamo watu wawili walidai shamba moja, kila mmoja akiwa na hadithi ya kweli ya babu yake.

Alijibu kwa taratibu. Amri ya Clarendon ya 1166 ilianzisha mfumo wa wenyeji kuapishwa na kuwataja wahalifu mbele ya majaji wa mfalme, na kwa kawaida mwaka huohuo ndio unaohesabiwa kuwa chanzo cha dawa ya kisheria ya mtu aliyetolewa shambani kwa nguvu. Amri ya Northampton ya 1176 iliigawa nchi katika mizunguko 6, kila mzunguko majaji 3, na ikamfungulia mrithi njia ya kudai shamba la marehemu. Juu ya hayo, mwaka 1179 ikaja Asiza Kuu, yaani utaratibu wa kuamua madai ya ardhi kwa kiapo cha wenyeji, nayo tutaifikia.

Ndani ya miaka ishirini na kidogo, basi, mtu huru wa kijijini alipata milango mitano au sita ya kuingilia mahakamani, na kila mlango ulikuwa na hati yake. Bila mwongozo angegonga mlango usio wake.

Je, mwandishi alinakili sheria ya Kirumi?

Alisoma sheria ya Kirumi, akaandika kwa roho ya Kiingereza. Utangulizi wake unaanza na maneno juu ya enzi ya kifalme inayopaswa kupambwa kwa silaha na kwa sheria, na hayo ni mwigo wa wazi wa utangulizi wa *Institutiones* za Justinian, isipokuwa kaisari amegeuzwa kuwa mfalme. Kisha anachukua hatua ya ujasiri. Anasema si upuuzi kuziita mila za Uingereza "sheria" ijapokuwa hazikuandikwa. Kwa msomi wa wakati huo aliyefunzwa kwamba sheria ni ile iliyo kitabuni, hilo lilikuwa dai zito.

Anakiri pia kwamba haiwezekani kuziandika sheria zote za ufalme, kwa sababu ya ujinga wa waandishi na wingi wa mambo uliovurugika. Kwa hiyo atachukua yale yanayojitokeza mahakamani mara kwa mara. Ukweli huo ndio uliokifanya kitabu kiwe kifupi na kitumike.

Athari ya kanisa inaonekana pia katika utendaji. Sababu za kumpinga mwapishwa wa Asiza Kuu, kwa mfano, ni zilezile za kumpinga shahidi katika mahakama za kanisa.

Nimesikia kwamba asili yake ni ya Kiislamu. Ni kweli?

Ni nadharia, na si ya mitaani. Mwaka 1999 profesa John Makdisi alitoa hoja kwamba dawa ya mtu aliyepokonywa ardhi inafanana na istihqaq (dai la kurudishiwa mali) ya fiqhi ya Kimaliki, na kwamba jopo la watu 12 linafanana na lafif, yaani mashahidi 12 wa jirani waliotumika Afrika Kaskazini. Daraja analolitaja ni Sisili ya Wanormani, ambako Thomas Brown, aliyejulikana huko kwa jina la Qaid Brun, alimtumikia mfalme Roger II kabla ya kurudi Uingereza kufanya kazi katika hazina ya Henry II.

Mfanano ni wa kweli na safari ya Thomas Brown ni ya kweli. Kinachokosekana ni hati inayoonyesha mtu akichukua utaratibu mmoja na kuupeleka upande wa pili, na ndiyo maana wanahistoria wengi hawajakubali. Msomaji wa pwani aliyeizoea mahakama ya kadhi, na anayejua jinsi fiqhi inavyogawa mzigo kati ya ushahidi wa mdai na kiapo cha mdaiwa, atayaona mengi anayoyatambua. Kufanana, hata hivyo, si sawa na kurithi.

Hati ya mfalme ilikuwa na sehemu gani?

Ilikuwa kipande kidogo cha ngozi, sentensi chache za Kilatini na muhuri wa mfalme. Aliyedai ardhi alianza kwa kuipata hati hiyo kutoka ofisi ya mfalme. Ile inayofungua kitabu cha 1 ina sehemu hizi.

Kwanza salamu: mfalme anamsalimu sherifu, yaani ofisa wake wa jimbo (asichanganywe na sharifu wa kwetu). Kisha amri: mwamuru N. amrudishie R., kwa haki na bila kuchelewa, haidi moja ya ardhi katika kijiji fulani. Haidi ni kipimo cha shamba la kutosha familia moja, na mara nyingi ilihesabiwa ekari 120. Baada ya hapo unatajwa msingi wa lalamiko, kwamba R. anasema N. anamnyima ardhi hiyo. Kisha sharti: asipotii, mwite kwa waitaji wema, yaani watu wa kumpelekea wito, afike mbele ya mfalme au majaji wake siku fulani, aeleze kwa nini hakutii. Mwisho sherifu anaambiwa awalete waitaji pamoja na hati yenyewe, na jina la shahidi linafunga.

Angalia mpangilio wake. Amri ya kwanza ni kurudisha. Mashitaka yanakuja kama njia ya pili, asiporudisha. Hati haijaamua nani mkweli. Imeamua kwamba kuna swali, na kwamba swali hilo ni la mfalme.

Nguvu yake yote inakaa katika kanuni iliyo kwenye kitabu cha 12: hakuna mtu anayelazimika kujibu katika mahakama ya bwana wake kuhusu ardhi anayoimiliki kwa uhuru, bila hati ya mfalme au ya jaji mkuu wake. Bwana wa eneo hakuweza tena kumwita mpangaji wake ukumbini na kumvua shamba siku hiyohiyo.

Mdaiwa asipofika, nini kilifuata?

Hapa ndipo kitabu kinapotumia sura nyingi kupita kiasi mtu anachotarajia, na haki yake. Mwandishi alijua kwamba mwenye shamba mkononi ndiye anayefaidika na kila siku inayopita.

Mdaiwa aliitwa kwa muda usiopungua siku 15. Kama hakuweza kufika alituma mtu kutoa udhuru. Udhuru ulikuwa wa aina mbalimbali, na kila aina ilikuwa na hesabu yake.

Wa kuugua njiani uliruhusiwa mara tatu mfululizo, kila mara na siku nyingine ya kuitwa. Safari ya nne mdaiwa afike mwenyewe au atume mwakilishi kamili.

Wa kuugua kitandani ulikuwa mzito zaidi. Mahakama ilituma naiti 4, yaani waungwana wa kivita wa jimbo hilo, wakamwone mgonjwa alipolala. Wakimkuta ameshikwa na maradhi ya kweli ya kumdhoofisha, alipewa mwaka mmoja na siku moja.

Wa kuwa ng'ambo ya bahari ulipewa angalau siku 40.

Wa kuhiji Yerusalemu ulipewa mwaka na siku au zaidi, mradi mtu awe alianza safari kabla ya kuitwa. Kulikuwa pia na udhuru wa kuwa katika utumishi wa mfalme, na wa ajali ya ghafla kama mafuriko au daraja kuvunjika.

Mdaiwa aliyezimaliza nafasi zake bila kufika wala kutuma mtu, ardhi yake ilichukuliwa mkononi mwa mfalme na kukaa huko siku 15. Akinyamaza mpaka siku hizo ziishe, milki ilikabidhiwa kwa mdai. Hiyo ndiyo mizizi ya kile tunachokiita leo hukumu ya upande mmoja.

Waitaji nao walihojiwa. Mdaiwa aliyedai hakuitwa aliweza kukana kwa kiapo, ndiyo maana hati inamtaka sherifu awalete waitaji mahakamani. Anayepeleka samansi siku hizi naye anatakiwa athibitishe kwa kiapo kwamba aliifikisha.

Asiza Kuu ilikuwa nini, na ilichukua nafasi ya nini?

Ilimpa mdaiwa wa ardhi nafasi ya kuukwepa upanga. Tangu Wanormani waingie Uingereza, swali la nani mwenye haki kubwa zaidi ya shamba liliweza kuamuliwa kwa mapigano. Mdai hakuruhusiwa kupigana mwenyewe. Alitoa bingwa ambaye kisheria alikuwa shahidi: aliyeona au kusikia haki hiyo, au aliyeagizwa na baba yake akiwa kwenye kitanda cha mauti kwamba siku ikija aisimamie. Mdaiwa aliweza kupigana mwenyewe au kwa mtu mwingine. Bingwa aliyeshindwa alitozwa shilingi 60 na kupoteza hadhi ya kuaminiwa kiapo chake tena, na mdai aliyemleta alipoteza shamba. Bingwa akithibitika kuwa amekodiwa kwa fedha, shauri liliharibika hata kabla ya pambano.

Asiza Kuu ilifuata njia nyingine. Mdaiwa alitamka mbele ya mahakama kwamba anajiweka chini ya Asiza. Naiti 4 wa jimbo waliitwa, nao wakachagua naiti 12 wa eneo lile. Mwandishi anashauri kuchagua zaidi ya 12, ili mdaiwa akiwapinga wengine kazi isisimame. Na mdaiwa akizembea kufika siku ya uchaguzi, uchaguzi uliendelea bila yeye. Waliochaguliwa waliapa, kisha wakasema nani ana haki kubwa zaidi. Kama baadhi hawakujua, walitoka na wengine wakaingia, mpaka wapatikane 12 wenye kauli moja. Ujuzi wao ulitakiwa utokane na macho na masikio yao wenyewe, au maneno ya baba zao, au mengine wanayoweza kuyaamini kama yao.

Walioapa uongo walipoteza mali zao zote zinazohamishika, wakafungwa angalau mwaka mmoja, na wasiaminiwe kiapo tena.

Sura ya 7 ya kitabu cha 2 ndiyo moyo wa kitabu chote, na tunamwomba kila msomaji aisome polepole. Mwandishi anatoa sababu tatu za kuisifu Asiza. Inamwepusha mtu na kifo cha ghafla kisichotarajiwa. Inategemea kiapo cha watu 12 wakati pambano linategemea shahidi mmoja. Na ina nyudhuru chache kuliko pambano, hivyo watu wanapunguziwa taabu na maskini wanaokolewa gharama. Mtu wa karne ya 12, akiandika kitabu cha taratibu za mahakama, alihesabu nauli na njaa ya maskini kuwa hoja ya kisheria.

Kuna wakati Asiza Kuu ilikataliwa?

Ndiyo. Aliyekwisha kukubali pambano hakuweza kurudi kwenye Asiza, na kinyume chake.

Na wadaawa wakikubali kwamba wote wametoka shina moja la ukoo, Asiza ilisimama. Swali halikuwa tena la ukweli ambao majirani wanaujua. Lilikuwa la sheria: nani mrithi wa karibu zaidi? Hilo liliamuliwa na mahakama kwa hoja. Mgawanyo huu, mambo ya ukweli kwa walioapishwa na mambo ya sheria kwa majaji, ukakua kwa karne nyingi baadaye.

Aliyepokonywa shamba jana alilazimika kupita njia hiyo ndefu?

Hapana. Kwake kulikuwa na asiza ndogo, iliyoelezwa katika kitabu cha 13, na hatua zake ni chache.

Anatoa dhamana kwamba ataendesha lalamiko lake. Sherifu anarudisha mazao na vitu vilivyochukuliwa, na shamba linaachwa kwa amani mpaka siku ya kusikiliza. Watu 12 huru na waaminifu wa jirani wanakwenda kuliona shamba, na majina yao yanaandikwa. Mdaiwa, au msimamizi wake akiwa yeye hapatikani, anawekewa dhamana ya kufika. Siku ikifika wale 12 wanaulizwa swali moja: je, huyu alimtoa yule katika milki yake bila haki na bila hukumu, tangu safari ya mwisho ya mfalme kwenda Normandy? Udhuru haukubaliwi hata mmoja. Mdaiwa asipofika, swali linaulizwa vilevile.

Nani mmiliki wa kweli? Halikuulizwa hapa. Hata mwenye haki, akimtoa mtu kwa mabavu bila hukumu, alishindwa kwanza, kisha akafuate njia ndefu ya kudai umiliki. Kutenganisha milki na umiliki ndiko kulikofanya utaratibu huu uende mbio.

Asiza ya mrithi ilikuwa jamaa yake. Maswali yalikuwa matatu: je, marehemu alikuwa na milki ya shamba hilo siku aliyokufa, je, alikufa baada ya kutawazwa kwa kwanza kwa mfalme, na je, mdai ndiye mrithi wake wa karibu zaidi? Majibu matatu ya ndiyo, na mdai anapewa milki.

Ukomo wa muda ulihesabiwaje?

Kwa matukio: kutawazwa kwa mfalme, safari ya mfalme. Ubaya wake ni kwamba tukio likikaa bila kubadilishwa, muda unarefuka wenyewe. Sheria ya Westminster ya 1275 iliweka mwanzo wa utawala wa Richard I, yaani 1189, kuwa mpaka wa madai ya haki ya ardhi, na mwaka huo ukabaki kuwa mpaka wa kumbukumbu ya kisheria. Hesabu ya idadi ya miaka, kama ile 12 ya madai ya ardhi katika sheria za Kenya na Tanzania, ni jambo la baadaye sana.

Kinasema nini juu ya jinai?

Kidogo, na chote kiko katika kitabu cha 14: uhaini, kuficha hazina iliyookotwa, kuua, kuchoma moto, unyang'anyi, kubaka, na kughushi. Mtuhumiwa aliyezidi miaka 60 aliweza kukataa kupigana. Hapo alipitishwa kwenye jaribio ambalo matokeo yake yalihesabiwa kuwa hukumu ya Mungu, mtu huru kwa chuma cha moto, asiye huru kwa maji. Mtaguso wa Laterano wa 1215 ulipowakataza mapadri kubariki majaribio hayo, utaratibu huo ulikufa, na sura hizo zikachakaa kabla ya nyingine zote.

Wajane, watoto na watu wasio huru wana nafasi gani?

Mjane ana haki ya theluthi ya ardhi aliyokuwa nayo mume siku ya ndoa, na hati zake za kuidai zimejaza kitabu cha 6. Mtoto wa naiti anahesabiwa mtu mzima akiwa na miaka 21. Wa mkulima huru, 15. Wa mtu wa mjini, pale anapoweza kuhesabu fedha na kupima nguo. Aliyezaliwa kabla ya ndoa harithi hata wazazi wakioana baadaye, na hapo sheria ya nchi ilipishana na ya kanisa.

Mtwana wa shambani aliyeishi mwaka na siku katika mji wenye hadhi maalumu bila kudaiwa, akapokelewa katika chama cha wenyeji, alikuwa huru. Lakini zile asiza nzuri tulizoeleza hazikuwa zake, kwani zilimlinda mtu huru tu. Anayekisifu kitabu hiki alitaje hilo.

Kina lolote kuhusu madeni?

Kitabu cha 10. Humo mnatofautishwa rehani ambayo mavuno yake yanapunguza deni na ile ambayo hayapunguzi, iitwayo rehani mfu, chanzo cha neno "mortgage". Ya pili inahesabiwa aina ya riba, ila mahakama haiikatazi. Na kinaeleza wazi kwamba mahakama ya mfalme kwa kawaida hailindi mapatano ya faragha. Sheria ya mikataba ilikuwa bado.

Kiliacha athari gani baada ya hapo?

Karibu nakala 40 za mkono zimesalia, katika makundi mawili makuu ambayo wahariri huyaita alfa na beta. Magna Carta ya 1215 ilitaka asiza ndogo zisikilizwe majimboni mara nne kwa mwaka, dalili kwamba watu walizipenda. Katika karne ya 13 kilikuja kitabu kikubwa zaidi kinachohusishwa na jaji Henry de Bratton, chenye jina linalokaribia kuwa lilelile, kilichojengwa juu ya msingi huu.

Uskoti ilikwenda mbali zaidi. Kitabu chake cha sheria cha mwanzoni mwa karne ya 14, *Regiam Majestatem*, kimetolewa kwa sehemu kubwa ndani ya Glanvill. Nchi ambayo mfalme wake alitekwa na Ranulf ikajengea mahakama zake kitabu chenye jina la Ranulf.

Taratibu zenyewe zilidumu kuliko mtu angedhani. Pambano la kisheria lilidaiwa mahakamani mwaka 1818 katika shauri la Ashford dhidi ya Thornton, na Bunge likalifuta mwaka uliofuata. Madai mengi ya kale ya ardhi, Asiza Kuu ikiwemo, yalifutwa kwa sheria ya 1833.

Kina uhusiano gani na mahakama za Afrika Mashariki?

Upo, lakini si wa moja kwa moja. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, ile iliyojengwa na mahakama tangu zama hizo, ililetwa kwa tarehe maalumu: Kenya ile iliyokuwapo 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Kufikia hapo hati za Glanvill zilikuwa zimefutwa kwao, na kanuni za madai Tanganyika zilipitia India, mpaka Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966.

Kilichovuka ni umbo: shauri huanza kwa maandishi, mdaiwa huitwa rasmi, kutofika kuna matokeo yanayojulikana mapema, na kuahirisha kunahitaji sababu. Ibara ya 107A ya Katiba ya Tanzania inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kifundi. Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya inasema karibu hayohayo. Hakuna aliyeyatoa maneno hayo kwenye hati ya karne ya 12, lakini aliyesoma "kwa haki na bila kuchelewa" atajua kwamba lalamiko ni lilelile, nalo lina zaidi ya miaka 800.

Usikitaje mbele ya hakimu kama sheria. Ni chanzo cha historia.

Nianzie wapi kukisoma?

Tafuta toleo la G. D. G. Hall la 1965, lenye Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Tafsiri ya John Beames ya 1812 inapatikana kwa urahisi lakini imetokana na maandishi yasiyosahihishwa vizuri, basi usiitegemee kwa neno mojamoja. Anza na utangulizi, nenda hati ya kwanza katika kitabu cha 1, kisha kitabu cha 2 chote, kisha cha 13. Cha 4, juu ya haki ya kuteua padri wa parokia, kinaweza kusubiri. Unaponukuu, taja namba ya kitabu na ya sura, usitaje ukurasa, kwa kuwa kurasa hutofautiana kutoka toleo hadi toleo.